Kwa Mtu Aliyeiondoa Altare

Mmeniuliza mmoja mmoja, wengine dukani, wengine ngazini baada ya Misa, na kila mmoja nimempa kipande kwa sababu mteja alikuwa amesimama au simu ilikuwa inaita. Sasa naandika yote kwa mara moja, ili aliyesikia habari za Bi Zuhura na mlango wa basi asikose habari za turubai, na aliyesikia habari za turubai asidhani ndipo zilipoishia. Mambo ya tiketi nayaacha. Kila mmoja wenu ameshawahi kukata tiketi.

Mtaa wa Swahili, ghorofa ya tatu

Kwa wasiotufahamu: sisi ni watu wapatao arobaini tunaosali Misa ya zamani, ya Kilatini, katika chumba kilicho juu ya duka la masufuria, Kariakoo. Tuna kibali, tuna madirisha mawili, na tuna padri mmoja. Mimi, Priska, ninauza lesi, vifungo na zipu kwa jumla mitaa miwili kutoka hapo. Nilisoma falsafa chuo kikuu, jambo ambalo halijapata kunisaidia kuuza zipu hata moja, na kazi yangu kanisani ni kufua vitambaa vya altare na kurekebisha mavazi ya padri.

Padri Gaudensi ana miaka sabini na tisa. Ni mtoto wa seremala wa Chiwambo, kijiji cha Wamwera kilicho ndani kidogo ya barabara ya Lindi kwenda Masasi. Aliingia seminari akiwa mdogo, akajifunza Kilatini kabla ya Kiingereza, na siku alipopadrishwa Misa aliyoipenda ilikuwa imekwisha kubadilishwa. Kwa miaka mingi alitii. Alisoma Misa mpya, akahudumia wagonjwa upande wa Upanga, akazika watu wasio na ndugu. Alipokaribia miaka hamsini akamwomba askofu ruhusa ya kuirudia ile ya zamani. Alinyimwa mara mbili, mara ya tatu akapewa, lakini akaondoka katika nyumba ya mapadri na kupanga chumba kimoja Magomeni, katika nyumba ambayo wapangaji wengine wote ni Waislamu. Huko wanamwita mzee wa vifungo, kwa sababu ya kanzu yake nyeusi.

Kila aliyesali nasi zaidi ya mwaka mmoja amesikia kisa cha altare. Baba yake, Mzee Bonifasi, ndiye aliyeichonga altare kubwa ya kanisa la Chiwambo, ya mninga, yenye matawi ya mzabibu na kondoo mmoja ambaye, kwa maelezo ya Padri, alifanana zaidi na mbuzi. Miaka thelathini na moja iliyopita paroko wa Chiwambo aliiondoa, akabakiza meza tupu. Paroko huyo alikuwa Padri Otmari, jirani yao wa utotoni, aliyekaa naye dawati moja seminarini kwa miaka minane. Tangu siku hiyo Padri Gaudensi hakukanyaga tena kanisa la kwao. Mzee Bonifasi alipofariki, miaka minne baadaye, mwanawe aliazima kanisa la parokia ya jirani ili amzikie huko, na Otmari akasimama ng'ambo ya barabara mpaka jeneza likapita. Mimi nimeyasikia maneno "mikono iliyoivunja altare ya baba yangu" katika mahubiri mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nakiri kwamba niliyapenda. Yaliipa imani yetu adui mwenye jina.

Siku ya Jumanne, Padri aliingia dukani kwangu akiwa ameshika simu kama mtu aliyeshika kikombe kilichojaa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Kuna nini, Padri?"

"Binti, mtu yule anakufa."

Hakuwa na haja ya kumtaja. Mpwa wa Otmari, mwanamke aitwaye Bahati, alikuwa amepiga simu: mjomba hali tena, na kwa siku tatu amekuwa akilitaja jina la Gaudensi.

"Utakwenda?"

Alivuta kigoda cha wateja akakaa. "Nimesoma Misa kila siku kwa miaka thelathini na moja bila kumsamehe. Kila siku, Priska. Akifa kabla sijafika, hilo nitabaki nalo mimi."

Kijana wetu anayetumikia altareni hakupata ruhusa kazini, hivyo ikaamuliwa niende mimi, mwenye duka lisilo na bosi. Nilifunga mizigo mchana huohuo: jiwe la altare, lile dogo la kusomea Misa safarini, katika kitambaa chake, kalisi ndogo, misale, hostia, divai. Nilipouliza kuhusu kasula, vazi la juu la Misa, alijibu bila kunitazama, "Weka nyeusi." Nyeusi ni ya Misa ya marehemu. Nikauliza kama niongeze nyeupe au ya zambarau. "Nyeusi inatosha," akasema.

Ikabaki mishumaa. Padri hakubali ila nta ya nyuki, na nta ya nyuki Kariakoo ina watu wengi wa kuiapia.

"Dada, hii ni nta yenyewe," muuzaji mmoja aliniambia. "Nusa. Asali tupu."

Nikanusa. "Kaka, hii inanukia stroberi."

"Si nyuki walikula stroberi?"

Niliondoka na miwili kutoka kwa mama wa Tabora aliyekuwa na asali halisi kwenye ndoo. Ilikuwa imepinda, lakini ya kweli.

Kariakoo hadi Mbagala

Padri alisoma Misa yake alfajiri, tukateremka ngazi kabla mabanda hayajafunguliwa. Bajaji yetu ilitembea hatua mia moja tu, kisha lori la vitunguu likaturudisha kwenye unyenyekevu. Wapagazi walikuwa wakishusha magunia katikati ya mtaa, na hakuna nguvu duniani inayoliondoa lori la vitunguu kabla ya gunia la mwisho.

"Sheikh, samahani, pisha mguu," mmoja wao alimwambia Padri, gunia likiwa begani.

"Mimi ni padri, mwanangu."

"Sawa, padri. Mguu ni uleule."

Padri alicheka, jambo lililonituliza, kwa maana tangu jana yake hakuwa amecheka. Kisha akatazama saa, na kicheko kikaisha.

Mbagala hadi Somanga

Upande wa pili wa ujia wa basi alikaa Bi Zuhura, mfanyabiashara wa khanga anayenunua Mtaa wa Kongo na kuuza Lindi. Kabla hatujatoka Mkuranga alikuwa ametugawia ndizi na alikuwa ameanza kunihoji.

"Mumeo hachoki kusoma?" aliuliza, akimtazama Padri na kitabu chake cha sala.

"Si mume wangu, mama. Ni padri."

"Padri, na kanzu yenye vifungo vyote hivyo?"

"Thelathini na vitatu. Nimevishona mwenyewe."

"Basi umemuonea. Mzee wa watu akibanwa na haja atawahi?"

Padri aligeuza ukurasa, lakini masikio yake yalibadilika rangi.

Tulipolivuka daraja la Rufiji alifunga kitabu. Alitazama maji mpaka yalipokwisha, kisha akaanza kusema, bila mimi kumuuliza. Zamani, kabla ya daraja, watu walivuka kwa pantoni. Yeye na Otmari walipokuja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, vijana wa seminari, mto ulikuwa umejaa na wakangoja siku mbili. Hapo, juu ya magunia ya korosho, Otmari alimfundisha zaburi ya marehemu kwa kupokezana, mstari wako, mstari wangu, kwa sababu Gaudensi alikuwa mzito wa kukariri na mtihani ulikuwa karibu. "Alikuwa na sauti mbaya sana," Padri alisema. "Lakini hakupoteza hata neno moja." Nilitambua kwamba katika miaka yote niliyomfahamu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja Otmari bila kusema "yule".

Basi lilisimama Somanga saa tano kasoro. Mbele yetu palikuwa na mstari wa malori usioonekana mwisho wake. Mvua zilikuwa zimebeba kipande cha barabara, na mafundi walikuwa wakijaza mawe.

"Jamani, nusu saa tu," kondakta alitangaza.

Nusu saa hiyo ilidumu mpaka kesho yake asubuhi. Mwanzoni abiria walilalamika, kisha wakanunua samaki. Wale wanaoijua Somanga hawahitaji maelezo. Wasioijua nawaambia kwamba changu wa kukaangwa pale, na ndimu na pilipili ya kusaga, aliweza kunisahaulisha kwa robo saa kwamba kuna mtu alikuwa akifa upande wa pili wa lile shimo. Padri alikula wawili na muhogo. Kila baada ya muda alinipa simu yake nimpigie Bahati, na kila mara sauti ya kike ilituambia kwamba namba haipatikani.

Jioni Bi Zuhura alitukuta tumekaa kivulini mwa basi. "Dada yangu ana nyumba hapo ng'ambo ya barabara," alisema. "Mzee hawezi kulala amekaa. Inukeni."

Somanga, asubuhi ya Alhamisi

Kulipokucha, dada yake Bi Zuhura alileta chai ya maziwa na sinia la vitumbua. Padri alishukuru na kuusogeza mkono wake mbali na sinia, kama mtu anayeogopa mkono wenyewe. Padri wa mtindo wake hatii kitu kinywani tangu usiku wa manane mpaka awe amesoma Misa, na Misa hajapata kuikosa siku hata moja tangu apewe upadri.

"Kafunga?" Bi Zuhura aliniuliza.

"Mpaka asali, mama."

Alimwangalia Padri kwa macho mapya. "Leo Alhamisi. Hata sisi wapo wanaoifunga. Kumbe ni mtu wa ibada. Sasa anasalia wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Tulihitaji meza, na meza pekee yenye urefu wa kufaa katika nyumba ile ilikuwa ya cherehani ya miguu, ile ambayo kichwa chake hukunjwa chini na ubao ukabaki sawa. Mimi ninayeishi kwa nyuzi na vifungo nilitandika kitambaa cha altare juu ya cherehani, nikaliweka jiwe katikati, nikaisimamisha mishumaa yangu iliyopinda.

"Mashariki ni upande gani?" Padri aliuliza.

"Kibla ni kule," dada mtu akajibu, akionyesha kaskazini.

"Nashukuru, mama, lakini mimi nahitaji mashariki."

Wale dada wawili walitazamana kwa huruma, kama wanaomwona mgeni akiishika njia isiyo yake. "Mashariki ni baharini," Bi Zuhura akasema. "Lakini ukuta huo una picha ya Makka. Tuiondoe?"

"Iacheni. Ukuta ni wenu."

Basi cherehani ikageuzwa, na Padri akasimama mbele yake, uso ukielekea picha ya Makka, na nyuma ya picha ukuta, na nyuma ya ukuta bahari.

Mwanamke, kwa desturi yetu, haruhusiwi kumtumikia padri altareni. Pasipo mwanamume anaweza kumwitikia kutoka mbali, na asikaribie. Kwa hiyo nilipiga magoti mlangoni, nusu ndani, nusu kwenye baraza, nikaitikia kwa Kilatini nilichokikariri kwa kusikia. Sitawaficha kwamba sheria hiyo imenichoma mara kadhaa maishani. Asubuhi ile ilinifaa, kwa maana kutoka mlangoni niliweza kuliona basi.

Nililiona likiwashwa. Nikaona malori ya mbele yakianza kusogea, na abiria wakikimbia na mifuko ya samaki. Honi ikalia. Padri alikuwa anafika katikati ya Misa, mahali ambapo padri akifika hawezi kuacha hata nyumba ikiungua. Hakuharakisha. Nilimtazama mgongo wake uliotulia nikahisi hasira ya kweli: Otmari anakufa, basi linaondoka, na wewe unaweka nukta kwenye kila neno.

Bi Zuhura alinipita mlangoni, akavuka barabara. Sauti zao zilinifikia zote.

"Bi mkubwa, panda, njia imefunguliwa."

"Mzee wetu anasali."

"Abiria wote wanangoja."

"Waulize kama wana haraka kumpita Mungu."

"Wanayo, bi mkubwa. Tangu jana."

Watu wakacheka. Bi Zuhura alipanda ngazi ya kwanza ya basi, akashika chuma kwa mikono miwili, mguu mmoja ndani na mmoja nje. "Mguu wangu uko mlangoni," alimwambia kondakta. "Funga."

"Mama, unanitafutia kesi."

"Mimi nakutafutia thawabu, hujui tu. Mtu umemkatiza sala yake, huko mbele utapata heri gani?"

Dereva akazima injini. Nilisikia abiria mmoja akisema, "Basi na asali haraka," na mwingine akamjibu, "Sala haraka si umewahi kuisali wewe, na maisha yako tunayaona." Kisha wakangoja. Padri alimaliza kama anavyomaliza siku zote, akavua mavazi, akayakunja, akawashukuru wenye nyumba, na alipopanda basi abiria walimpisha njia kimya kimya, kwa utii ambao hakuelewa umetoka wapi. Alikula vitumbua vinne kabla ya Nangurukuru. Mpaka leo hajui habari za ule mguu, isipokuwa kama mmoja wenu atamsomea haya.

Somanga hadi Chiwambo

Mbele ya Kilwa tulikwenda vizuri, lakini simu ya Bahati haikupatikana. Bi Zuhura alishuka Lindi, akanikabidhi khanga moja kwa ajili ya mgonjwa. "Na akiwa ameshatangulia," alinong'ona, "itamfunika." Nilimshika mkono kwa muda mrefu.

Tulishuka barabarani alasiri, tukachukua bajaji kuingia ndani kati ya mikorosho. Padri alikaa ameshika mkoba wa kasula mapajani, akitaja majina ya wenye mashamba, wengi wao marehemu. Kilima cha mwisho kilipokwisha tukaliona kanisa. Pembeni yake palikuwa na nyumba ndogo ya bati, na mbele ya nyumba turubai la bluu limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, kina mama wamekaa kimya.

Kila Mtanzania anajua turubai na viti vina maana gani. Dereva wa bajaji alipunguza mwendo bila kuambiwa. Sikuthubutu kumtazama Padri.

"Tumechelewa," alisema. Aliteremka, akajinyoosha, akaanza kutembea kuelekea turubai peke yake. Nilimsikia akiianza zaburi ya marehemu, ileile ya pantoni, kwa sauti ya chini iliyokuwa ikikatika. Alimaliza mstari wa kwanza, akanyamaza ili avute pumzi.

Mstari wa pili ulijibiwa kutoka chini ya turubai, kwa Kilatini, na kwa sauti mbaya sana.

Padri Gaudensi alisimama. Kina mama waligeuka. Katikati yao, kwenye kiti cha kulalia, alikuwa mzee mwembamba aliyefunikwa shuka mpaka kidevuni.

"Unamsomea nani, Gaudensi?" aliuliza. "Kama ni mimi, ngoja kwanza. Bado nasikia."

Chini ya turubai

Bahati alitueleza mambo kwa aibu. Mjomba alikuwa amekataa kulala ndani kwa sababu ya joto la bati, na jumuiya ikamfungia turubai ili apate hewa na wageni wapate pa kukaa. Simu yake yeye ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, lakini juzi yake mgonjwa alikuwa ameomba uji, na jana akaomba samaki. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na kina mama wakaniletea maji, wakidhani nalia.

Wa kwanza kusema alikuwa Otmari, na aliuliza swali ambalo mapadri tu wangeulizana.

"Umekuja na kasula ya rangi gani?"

Padri Gaudensi alitazama mkoba. "Nyeusi."

"Nyeusi peke yake?"

"Peke yake."

Otmari alicheka kwa kukohoa, Bahati akamwinua mgongo. "Jamani, mtu huyu hakuja kumwona mgonjwa. Amekuja kuzika."

"Nisamehe," Padri Gaudensi alisema. Nadhani hakuwa amekusudia kuanza hivyo, lakini neno lilipokwisha kutoka lilifungua njia. "Nisamehe, Otmari. Nimekuchukia kwa miaka thelathini na moja, na nimehubiri chuki hiyo mbele ya watu. Nimekuja kukuambia kwamba altare ile nimekusamehe, na wewe unisamehe mimi."

Otmari aliwaomba kina mama watupishe. Mimi nilipoinuka alisema nikae, kwa kuwa shahidi anafaa.

"Altare ile sikuivunja," alisema. "Iliangukia mikononi mwangu. Nilikwenda kubadilisha vitambaa, nikaegemea kona, mkono ukaingia ndani mpaka hapa." Alionyesha kiwiko. "Mchwa, Gaudensi. Walikuwa wameila yote kutoka ndani. Uso wa mninga ulikuwa mzima, kondoo wako mzima, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu."

"Mchwa hawali mninga."

"Hawakuula. Mbao za ndani zilikuwa za mwembe. Mninga haukumtosha baba yako, akaziba kwa mwembe pasipoonekana. Nilimwita aje aone. Mzee yule alikaa chini sakafuni. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba wewe usijue. Alisema, mwanangu anajisifia altare hii mpaka Dar es Salaam." Alipumzika kidogo. "Wakati ule makanisa mengi yalikuwa yanaziondoa. Nikaona hiyo inatosha kuwa sababu. Nikasema nimeitoa kwa ajili ya mabadiliko. Wewe ukawa na mtu wa kumchukia, na baba yako akabaki fundi."

"Na pale barabarani? Tulipomzika?"

"Nilikuwa nimemwahidi kunyamaza mpaka nife. Sasa nimekaribia vya kutosha."

Nilimtazama Padri wangu. Nimewaambia kwamba nilisoma falsafa; katika sekunde zile nilizitafuta fikra zote nilizowahi kufundishwa na sikupata hata moja ya kumpa. Niliwaza mahubiri yale, na arobaini sisi tuliokuwa tukitikisa vichwa, na nikajiuliza ni kiasi gani cha imani yetu kilikuwa mninga na kiasi gani kilikuwa mwembe. Padri Gaudensi alikuwa amekunja vidole vyake, akivisugua kimoja kimoja. Alipofumbua kinywa hakusema kama padri. Alisema kama mtoto wa seremala.

"Walianzia upande gani?"

"Kushoto. Chini kabisa."

"Unyevu wa mlango wa sakristia," alisema polepole. "Nilimwambia baba aache nafasi kati ya mbao na ukuta."

"Hakuacha."

"Alikuwa mbishi."

"Si kama wewe," Otmari akasema, na sasa walicheka wote wawili, Otmari akikohoa na Padri Gaudensi akifuta macho kwa pindo la kanzu. Nilipoona amevuta kiti karibu na kutoa stola, ukanda wa kuungamishia, niliondoka, kwa maana kilichofuata ni cha mapadri wawili na Mungu.

Asubuhi yake Misa ilisomwa chini ya turubai. Nyeusi haikufaa tena, hivyo Otmari alimwazima kasula yake ya kijani, ya kitambaa kinachong'aa, yenye zabibu kubwa kifuani na lesi ya pindo ambayo niliitambua mara moja. Nilikuwa nimeiuza mimi, jora zima. Padri Gaudensi aliivaa, ingawa niliona jinsi alivyoishika kwa ncha za vidole. Otmari aliitikia kutoka kitini, Kilatini chote, bila kupoteza hata neno, na mimi kwa mara ya kwanza katika safari nzima sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa chini ya mkorosho nikasikiliza. Hakuna aliyepiga honi.

Kurudi Kariakoo

Tulikaa siku tano. Mgonjwa aliipokea khanga ya Bi Zuhura akaifunga shingoni kama skafu. Njia ya kurudi haikuwa na kisa, nami nilishukuru kwa kila kilomita isiyo na kisa. Nilimuuliza Padri, tulipokuwa tunalivuka tena daraja, kama sasa atabadili chochote. Alifikiri mpaka ng'ambo ya pili.

"Misa ni ileile, binti," alisema. "Sikuipenda kwa sababu ya Otmari. Kuhusu Misa sijabadili neno. Nilikosea kuhusu mtu." Kisha akaongeza kwamba Jumapili atawaeleza watu wote, kutoka palepale alipokuwa akihubiri yale mengine, na mliokuwepo mlimsikia.

Ambalo hamkuliona ni la Jumatatu. Alikuja dukani asubuhi, akaniomba nimpeleke kwa wauza dawa za kilimo, upande wa sokoni.

"Shikamoo mzee," muuzaji alisema. "Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Dawa ya mchwa, makopo mawili."

"Wako shambani au wameingia ndani ya nyumba?"

"Hawajafika bado."

Muuzaji alinitazama mimi, nikamwashiria ampe tu. Kopo moja lilipanda basi la Lindi siku hiyohiyo, kwenda kwa Otmari. La pili tulilipandisha ghorofa ya tatu. Padri alivua kanzu yake, vifungo vyote thelathini na vitatu, akabaki na fulana na suruali, akapiga magoti mbele ya altare yetu, ambayo kwa miaka yote hii alikataa isiguswe na fundi yeyote. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasogea, akagonga tena, jinsi ambavyo bila shaka alimwona baba yake akifanya. Kisha akachovya brashi na kuanza kupaka, kushoto, chini kabisa.

Simu yake ililia mfukoni. Alinipa nipokee, mikono yake ikiwa na dawa.

"Mwambie Gaudensi," alisema Padri Otmari, "aache nafasi kati ya mbao na ukuta."